Kurasa Nilizoziosha

Habona, Maryamu, nanyi wote mliokuja kunipokea pale mtoni, mliniuliza safari ilikuwaje nikawajibu nimechoka, niacheni kwanza nilale. Ule ulikuwa uongo. Sikuwa nimechoka kiasi hicho. Nilikuwa na haya. Na haya hizo bado ninazo, ndiyo maana siwezi kuyasema haya mkinitazama usoni. Basi naandika, kwa herufi nilizofundishwa katika chuo cha Kurani, Kau, kabla sijaolewa, mkono mzito, na Maryamu mwenye macho atawasomea. Mkifika pa kucheka chekeni. Ila msije nyumbani kunituliza.

Nianze na kitabu, maana wengi wenu mliona kurasa zake tu, hamkukiona chenyewe.

Mnamkumbuka Bwana Majani, yule Mzungu mzee aliyejenga kibanda chake Golbanti, akakaa peke yake. Jina lake hasa ni Yohani. Kazi yake ilikuwa kuchuma majani, kuyakausha katikati ya karatasi na kuyaandikia majina. Majina nilimpa mimi. Kila wiki nilishuka kwa mtumbwi na kikapu changu: huu mkoma, huu msuaki, huu mkindu, huu usiuguse unawasha. Akicheka kama mtoto. Kitabu chake kilikuwa kikubwa, kimevalishwa ngozi, kizito kama mwanambuzi. Alisema kilipigwa chapa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na kwao vitabu vya namna ile vimebaki vichache mno. Ndani mlikuwa na picha za miti na maua, na mwishoni wanyama. Picha zimepigwa chapa kwa wino mweusi, kisha mtu akakaa akazipaka rangi moja moja kwa mkono.

Ukurasa wa mwanzo haukuwa na picha. Ulikuwa na maandishi ya kalamu, wino wa hudhurungi: majina manane, ya watu waliokitunza kitabu kile, mmoja baada ya mwingine. Siku moja alinisomea barazani pake, kidole juu ya mstari, akianzia chini kwenye jina lake akipanda juu, mpaka mbuzi wa jirani akaingia kwenye majani yaliyoanikwa, nikaondoka kumfukuza.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita, akanipa sanduku. "Bi Mwanapili," akasema, "hiki ni kitabu cha dawa. Akija ndugu yangu, mpe." Nikaweka mkono kichwani, nikaapa.

Kitabu cha dawa. Neno ni hilo. Yeye alikuwa na maana ya kitabu kinachoeleza dawa. Lakini mimi ni mtoto wa Kau. Kwetu ukiugua, mwalimu anakuandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani, maandishi yanaoshwa kwa maji na maji yale unakunywa. Nikaelewa kwamba kitabu chenyewe ndicho dawa.

Mjukuu wangu Mwanaidi aliposhikwa na homa, mto ulikuwa umefurika, na mwalimu wa karibu yuko Kau. Nikafungua sanduku. Ukurasa wa mwanzo, wino wa hudhurungi, kama zafarani hasa. Nikasema, mzee yule alitutayarishia kombe mapema, Mungu amrehemu. Nikauchomoa, nikauosha kwa bakuli nikisugua kwa kidole, maji yakabadilika rangi, mtoto akanywa. Siku ya tatu akaomba uji.

Mengine mnayajua. Mlikuja ninyi. Wino wa chapa haukutoka, lakini rangi za picha zilitoka, maji yakawa ya kijani, yakawa mekundu, nanyi mkanywa mkaenda na ukurasa uliooshwa mkauweka hirizi. Nilipokea kuku na mikungu ya ndizi. Kibaya zaidi, nilipokea sifa. Nilipenda kuitwa mwenye kombe la Kizungu.

Kisha akaja mpiga upondo wa mtumbwi kutoka Kipini na salamu: ndugu yake Bwana Majani amefika Kipini, mguu wake mbaya hawezi kupanda mto, anaomba kitabu. Nami mbele za watu nikajibu: "Mwambie kipo, salama salimini. Nakileta mwenyewe."

Garsen, kwa miguu

Nilikuwa nimetoa kurasa kumi, ukiacha ule wa Mwanaidi. Sikuandika popote, lakini mnanijua, jina nikilisikia halitoki. Hapa Idsowe mlinirudishia nne. Habona, wako ulikuwa safi kuliko yote. Mmoja uliungua na nyumba ya kina Komora, na mmoja uliliwa na mchwa. Zilibaki nne: tatu njiani kuteremka mto, lakini mmoja haukuwa njiani. Ulikuwa juu, Garsen, kwa Mama Jilo. Basi safari ya kwenda chini nikaianza kwa kwenda juu.

Nilimkuta Mama Jilo anapepeta mpunga. Akafurahi, akaniwekea kigoda.

"Nimefuata ule ukurasa," nikasema. "Ule wa ua jekundu, niliokupa mama yako alipougua."

Akasimamisha ungo. "Mama si alikufa."

"Najua. Nilikuja kilioni."

"Basi tulimwekea kifuani, tukamzika nao. Wewe ulisema usitengane naye."

Nilisema? Nikakumbuka. Nilisema, tena nimesimama mlangoni pake na kuku kwapani.

"Sasa siwezi kukufukulia," akasema Mama Jilo, wala hakuwa na hasira. "Labda umwombe mwenyewe."

Akanichomea ndizi. Ndizi zilikuwa tamu, nami nikawa nazigeuza mdomoni kama udongo. Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Kwani lile kombe halikuwa la kweli?"

Nikamjibu jua linakuwa kali, niondoke.

Golbanti, kwa Rebeka

Aliyenipeleka na mtumbwi ni shemeji yangu Buya, ndugu wa marehemu mume wangu. Mnamjua ulimi wake. Nilipopanda na sanduku akasema, "Kaa katikati, shemeji. Ukikiegemea kitabu kama ulivyokiegemea zamani, tutazama."

"Wewe piga upondo."

"Napiga. Nauliza tu, mganga analipa nauli au ananipa ukurasa?"

Hivyo mpaka Golbanti.

Rebeka mlimjua kabla hajabatizwa. Alikuja kwangu kwa ajili ya tumbo, akachukua ukurasa wa mti wenye matunda ya njano. Mumewe Yona ni mwalimu wa dini yao, mtu mpole asiyependa mambo ya hirizi hata kidogo, na hilo mimi nililisahau. Nikaingia uani nikasema kwa sauti, "Rebeka, mwanangu, nimekuja kuchukua ukurasa wangu."

Yona alikuwa nyuma ya mlango anachonga mpini wa jembe. "Ukurasa gani, Bibi?"

Rebeka akanitazama. Sijaona macho yanayoomba namna ile.

"Ukili," nikasema. "Nimesema ukili, wa mkeka."

"Mimi nimesikia ukurasa."

"Meno yangu, baba. Yamebaki matatu, maneno yanatoka upande."

Yona akacheka akanionea huruma. "Rebeka, mpe Bibi ukili wake. Mbona umeuweka siku zote hizi?"

Maskini Rebeka hakuwa na ukili wangu, ana wa kwake, kazi ya mwezi mzima, wa rangi, aliokuwa anaushonea mkeka wa mgeni. Akaingia ndani, akakawia, akatoka na robota zima. Nilipolishika nikasikia karatasi ndani inalia. Aliuzungushia ukili ule juu ya ukurasa. Nikashukuru, nataka kuondoka, Yona hakubali. Tulazwe njaa nyumbani kwake? Tukaketishwa, tukapakuliwa wali na samaki mumi wa kukaushwa moshini. Kabla ya kula akaomba dua ndefu, akamwomba Mungu abariki mikono ya mama huyu mzee aliyetoka mbali kwa uaminifu kufuata kilicho chake.

Buya alikohoa mpaka akatoka nje.

Tulipofika mtoni Yona mwenyewe amebeba robota begani. Akaliweka mtumbwini kama anaweka mtoto. Nilipomtafuta Rebeka nimrudishie ukili wake kwa siri, hakushuka. Mpaka leo ukili ule uko kwangu, umening'inia ukutani, siwezi kuushona. Picha yenyewe, matunda yale ya njano, ilibaki mistari tu. Rangi ilikuwa imo tumboni mwa Rebeka tangu mwaka juzi.

Kwa Guyo, siku mbili za kungoja

Chini ya Golbanti tuliiacha njia ya maji tukatembea nyikani hadi kwenye boma la Guyo Dima, mfugaji. Kwake kulikuwa na ukurasa wa kifaru. Nilimpa ng'ombe wake alipokuwa anaharisha. Ndiyo, ng'ombe. Nilimnywesha ng'ombe.

Guyo akatupokea vizuri. Tukaletewa maziwa yaliyofukizwa moshi, kisha buni zilizokaangwa kwa samli, za kutafuna, na samli yake ya kujipaka mikononi na kichwani. Buya akajipaka mpaka akang'aa kama samaki. Nikaeleza haja yangu. Guyo akaitikia kwa kichwa.

"Ukurasa uko shingoni mwake. Nimeushonea ndani ya ngozi."

"Basi tumwone."

"Yuko malishoni."

"Atarudi jioni?"

"Ah, jioni. Yule amekwenda na kundi la mbali. Kesho. Au kesho ya kesho. Una haraka gani, mama? Umefika."

Tukangoja siku mbili. Mimi na kiherehere changu, nikisikia kengele ya mbao nainuka, si yeye. Guyo kila akikaa ananipa habari za kifaru wangu.

"Niambie, mama. Huyo aliyechora alikuwa kipofu?"

"Sijui, baba."

"Kifaru nimemwona mara nyingi kuliko ndevu zangu. Hakuvaa mlango mgongoni. Yule wa kwako amevaa milango, imepigwa misumari. Tena ana kijipembe hapa, begani! Wake zangu walicheka mpaka maziwa yakamwagika. Tukasema, hawa watu nchi yao baridi, hata kifaru anavaa nguo."

Buya akasema, "Mchoraji alisimuliwa."

"Ndiyo, alisimuliwa, na aliyemsimulia alikuwa anakimbia."

Wakacheka wote. Mimi nikafikiri: kitabu kikubwa vile, watu wanane wamekitunza kama yai, na kumbe nacho kina kosa. Kidogo nikapata nafuu. Halafu nikaona aibu ya kupata nafuu. Aliyechora alikosea kwa kutojua, akachora kwa bidii. Mimi niliosha.

Siku ya pili ng'ombe akaja, mwekundu, mnene, shingoni mfuko mweusi kwa jasho. Guyo akatoa kisu, kisha akakirudisha.

"Nikikata, utanipa nini mahali pake? Nipe kombe jingine. Tangu avae hili hajaugua."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kudanganya tena, rahisi kabisa. Kitabu kilikuwa mkononi, kina kurasa tele.

"Guyo," nikasema, "halikuwa kombe. Ni picha tu, na rangi. Mimi sikujua, nikafanya kama najua."

Buya akaangalia miguu yake. Guyo akafikiri, akampapasa ng'ombe masikio.

"Sawa," akasema. "Lakini ng'ombe hakujua."

Akakata. Ndani hamkuwa na ukurasa. Mlikuwa na donge jeusi, kama tumbaku ya kutafuna, na katikati yake kipande kimoja kama ukucha, kinaonyesha jicho la yule kifaru. Nikalifunga donge lote katika upande wa leso yangu. Guyo akatusindikiza hadi mtoni, akanipa kibuyu cha samli, nikakataa. Akakasirika kwa kuwa nimekataa. Nikakipokea.

Mfereji wa Belezoni

Kutoka mto mkubwa kwenda Kau unapita mfereji wa Belezoni. Mwembamba, matete huku na huku, upondo unagusa pande zote. Tukakuta viboko wameuziba, mama na mtoto, na yule mama anatutazama kama tumeingia chumbani kwake. Buya akarudisha mtumbwi nyuma, akaufunga kwenye matete. Tukakaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, tunakula ndizi mbivu na samaki mkavu, mbu wanatula sisi.

Kukaa ni kubaya kwa mtu mwenye sanduku kama langu. Nikalifungua. Nikazipanga kurasa: nne zenu, ule wa Rebeka, donge la Guyo. Na ule wa kwanza, wa majina, niliokuwa nimeuficha ndani ya msahafu wangu. Ulikuwa umekauka, umekunjamana, una doa la hudhurungi, kama mahali alipoketi mtu aliyelowa.

Buya akatazama kwa muda. Safari hii hakucheka.

"Shemeji," akasema, "viboko hao. Mtumbwi ukipinduka hapa, nani atashangaa? Watu hupinduliwa kila siku. Sisi tunaogelea. Sanduku halijui kuogelea."

Nikaendelea kuzipanga kurasa.

"Utafika Kipini umelowa, utalia, watakupa nguo. Hakuna atakayeuliza tena."

"Na wewe?"

"Mimi nitalia kuliko wewe."

Niliwaza. Nawaambia kweli, niliwaza kwa muda wa kutafuna tambuu moja mpaka ikaisha. Nilikwisha kuliona lile sanduku linazama, na mimi nimekaa barazani Kipini na leso kavu, watu wananipa pole. Ile pole ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimekula kuku za watu, nimekula sifa zao, nimekula wali wa Yona na dua yake. Na pole pia niile?

"Fungua kamba," nikasema. "Viboko wameondoka."

"Hawajaondoka."

"Basi ngoja waondoke. Lakini neno hilo usilirudie."

Akatema mate majini. "Nilikuwa nakupima tu," akasema. Hakuwa ananipima.

Kau

Kau ni kwetu, nami nilipita kama mwizi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa kwa wifi yangu Mwanashee, picha ya samaki. Nikamwuliza tu mlangoni. Akasema, "Ala, ule? Nilifungia biashara ya ndugu yako, alikuwa anauza ubani." Mnunuzi hamjui. Alitaka tulale, akatutajia wali wa nazi na kamba, akaniambia mwalimu wangu wa chuoni bado yu hai na huniulizia. Niliposikia hayo ndipo nikaona heri tuondoke upesi. Yeye ndiye aliyenifundisha kombe ni nini na si nini. Sikuenda kumwamkia. Hilo nalo liandikeni juu yangu.

Kipini

Ndugu. Siku zote nilipolisema neno hilo nilimwona mwanamume, mrefu, ndevu kama za Bwana Majani. Tukafika kwenye nyumba tuliyoelekezwa, barazani ameketi mwanamke mzee wa Kizungu, mguu umefungwa vitambaa, umewekwa juu ya sanduku. Nikampita. Nikamwambia mtumishi, "Namtafuta ndugu yake Bwana Majani."

Yule mwanamke akasema, "Mimi. Mimi dada yake. Marta."

Macho yale yale. Nikajiona mjinga tangu mwanzo wa neno hadi mwisho wake.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kujifunza kwa barua za ndugu yake. Akanishika mkono akasema, "Wewe Mwanapili. Yeye andika: Mwanapili jua jina yote." Kumbe mzee yule alinitaja barua baada ya barua. Mwanapili anajua majina yote. Nikatamani ardhi inimeze na kikapu changu.

Nikamwekea sanduku mapajani. Akafungua kitabu, na kabla sijasema neno akaenda moja kwa moja mwanzo, akapapasa mahali pale palipochanika, kwenye uzi. Akapapasa tena. Hakutafuta maua, hakutafuta kifaru.

"Majina," akasema. "Majina wapi?"

Nikatoa msahafu, nikatoa ule ukurasa, nikampa. Akauinua juani. Doa tu.

Nikamwambia yote. Nikamwambia neno dawa, na kombe, na bakuli, na mafuriko. Mengine hakuelewa, mtumishi akamfafanulia, nami nikaona kwenye uso wa mtumishi jinsi linavyosikika jambo langu likisemwa na mtu mwingine. Nikampa na kurasa zilizopauka, na donge la Guyo. Alilifungua donge akaona lile jicho. Nikamwambia na habari ya Mama Jilo, na ya ubani.

Kisha akauliza, "Mtoto. Kunywa. Yeye hai?"

"Yu hai. Anaitwa Mwanaidi."

"Vizuri," akasema.

Angalinipiga kofi ingalikuwa nafuu kuliko vizuri ile.

Akaeleza, na mtumishi akatafsiri, kwamba hakuja kuchukua kitabu tu. Kwao ndugu wote wamekwisha, amebaki yeye. Alikuja kuandika jina lake chini ya jina la ndugu yake, kama wengine walivyofanya, kisha akipeleke kwenye nyumba kubwa ya vitabu, kitunzwe na wasiokufa. Majina yale hayakuandikwa mahali pengine popote duniani. Bwana Majani peke yake ndiye aliyeyajua kwa mpango.

Nikasema, "Alinisomea."

Mtumishi akanitazama. "Lini?"

"Siku moja. Barazani. Mwambie alete kalamu."

Akaletewa kalamu na karatasi safi. Nikafumba macho, nikamwona Bwana Majani na kidole chake, kinapanda kutoka chini. Yohani, ndiye mwenyewe. Wilemu, babake. Tomasi, aliyekuwa na duka la dawa. Eliza, aliyekitorosha kitabu nyumba ilipoungua. Roberti. Eliza mwingine, huyu alikuwa kiwete. Natanieli, aliyekinunua mnadani. Bi Marta akaandika upesi, analia anaandika, na kila jina akilitamka kwa namna yao naitikia, ndiyo, hivyo hivyo. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ukaanza kuinuka. Kile kile kiburi. Nikasikia kinapanda kama maziwa kwenye sufuria.

"Saba," akasema Bi Marta. "Moja bado. Ya juu. Ya kwanza. Nani fanya rangi."

"Yupi?"

Mtumishi akaeleza: wa kwanza kabisa, aliyekaa akazipaka picha rangi kwa mkono wake. Jina lake lilikuwa juu ya yote.

Nikangoja kidole kiendelee kupanda. Hakikupanda.

"Mbuzi," nikasema.

"Nini?"

"Mbuzi aliingia."

Hakulijua neno mbuzi, na mtumishi alikuwa amekwenda kuleta maji. Basi mimi mwanamke mzee, mjukuu nyumbani, nikalia mee mbele yake, nikaonyesha pembe kwa vidole, nikaonyesha majani, nikaonyesha mimi nainuka nakimbia na fimbo. Akanitazama mpaka nikamaliza. Hakucheka. Akaelewa.

Akauacha mstari wa juu mtupu. Akaandika jina lake chini, Marta, akapuliza wino ukauke, akafunga kitabu.

Tukakaa naye siku moja, akatulisha, akanipa shuka. Nililipokea kwa sababu ya Guyo, nisimkasirishe mtu tena. Tulipoondoka alinishika mkono vile vile kama mwanzo, na hilo nalo sijui nilifanyie nini.

Kurudi tulipanda mto siku sita, na Buya hakunitania hata mara moja. Nilimwambia anitanie. Akasema hana la kusema.

Sasa mnajua. Mwanaidi alinipokea pale mtoni mbele yenu, akanikumbatia akauliza nimemletea nini. Mliniona nimemshika uso nikamtazama kwa muda mrefu, mkadhani ni mapenzi ya bibi. Nilikuwa namtafuta yule mtu wa mstari wa juu. Rangi yake mliinywa ninyi, na jina lake amelinywa huyu mtoto, nami niliyewapa simjui.

Kuku zenu siwezi kuzirudisha. Lakini nikijaliwa kupata nguvu nitakwenda Garsen nimjibu Mama Jilo swali lake, maana nilikimbia jua ambalo halikuwepo. Na ninyi mnaokuja kuniuliza jina la babu wa fulani na mama wa fulani, njooni, nitasema ninalolijua. Ila kabla sijaanza, mfungeni mbuzi.